MIRATHI HAINUNULIWI



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu mliohudhuria nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Zipo barua, na siku hizi zaidi ujumbe wa simu, zimfikiazo mvuvi wa Musoma, mkulima wa pamba wa Bunda na mfugaji wa Butiama. Mwandishi hujiita wakili au mkuu wa benki ya ng'ambo. Husema kwamba tajiri mwenye jina la ukoo kama lako amefariki bila ya mrithi. Mali yake utapewa wewe, ila kwanza utume ada ya hati. Ukiituma ada, hudaiwa kodi. Ukiilipa kodi, huzuka ada nyingine. Hila hii huko Nigeria huitwa 419, kwa nambari ya kifungu cha sheria ya jinai kihusucho udanganyifu.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuipeleleza habari ya fasiki kabla ya kuifuata. Basi tuulize mambo matatu.

Kwanza, marehemu ni nani kwangu? Mtu hurithi kwa nasaba au kwa ndoa, na kufanana kwa majina si nasaba. Ama wasia, huusia marehemu mwenyewe, si karani wa benki.

Pili, gharama hulipwa na nani? Maziko, madeni na wasia hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya kugawanywa mafungu. Ada ya mahakama hulipwa serikalini kwa stakabadhi, haitumwi katika simu ya mtu.

Tatu, siri ni ya nini? Mirathi kwetu hufunguliwa mahakamani, hutangazwa, na mwenye pingamizi husikilizwa. Akuambiaye usimweleze mkeo wala nduguyo anaogopa shahidi.

Lakini, ndugu zangu, liko zito kuliko fedha. Tuseme marehemu yupo kweli na mali ipo. Wewe unaitwa ukatoe ushahidi wa uongo kwamba ni jamaa yako, na huenda ameacha yatima. Basi barua ikiwa ya uongo, umeibiwa. Ikiwa ya kweli, umeiba. Katika hayo mawili, la heri liko wapi?

Kabla ya kuuza ng'ombe au nyavu, ipeleke barua hiyo kwa imamu wako, Mahakama ya Mwanzo au polisi. Nambari ya simu ya tapeli itume kwa 15040, nambari ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na aliyekwisha kudanganywa tusimcheke, kwani aibu humnyamazisha aliyedhulumiwa, na kimya chake ndicho kimneemeshacho mwizi.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu, na utulindie mali za yatima wetu. Amin.