Maji ya Chumvi na Sukari

Ukimwuliza mtafiti ni kazi gani anayojivunia maishani, pengine utatarajia akutajie mashine ya bei ghali. Daktari Dilip Mahalanabis wa India, aliyefariki mwaka wa 2022, yeye alisimulia habari za chumvi, sukari na mapipa.

Mwaka wa 1971 kulikuwa na vita katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Mamilioni ya watu walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikawafuata kambini. Katika hospitali ya Bangaon wagonjwa walijaa vyumba viwili, wamelala sakafuni. Akikumbuka siku hizo miaka mingi baadaye, daktari huyo alieleza jinsi ilivyombidi kupiga magoti kwenye matapishi na kinyesi ili awatie dripu. Na dripu zenyewe zikaanza kuisha.

Huko Dhaka, mwaka wa 1968, watafiti walikuwa wameshaonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Siri iko kwenye utumbo: hata mtu akiugua, sukari inapopenya ukuta wa utumbo huingia pamoja na chumvi, na maji hufuata. Lakini kazi hiyo ilifanyiwa hospitalini, chini ya macho ya wataalamu. Wengi hawakuamini kwamba jamaa wa mgonjwa angeiweza huku kambini. Mahalanabis akaamua kujaribu. Glukosi gramu 22 na chumvi gramu 3.5 kwa kila lita, pamoja na magadi kidogo ya kuokea, zikakorogwa ndani ya mapipa yenye mfereji. Mama au ndugu wa mgonjwa alikuja na kikombe, akakinga, akamnywesha mtu wake.

Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Maagizo ya kuchanganya yalitangazwa hata na kituo cha siri cha redio cha Bangladesh. Sisi watu wa redio turuhusiwe kujivunia hilo kidogo!

Lakini wewe usijaribu vipimo hivyo jikoni. Mwaka wa 2002 mchanganyiko wa pakiti ya ORS ulipunguzwa chumvi na sukari, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Tafuta pakiti dukani la dawa au kwenye zahanati. Nawa mikono, pima maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha koroga pakiti nzima. Mpe mtoto kwa kikombe au kijiko kila anapoendesha. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu endelea polepole. Usiache kumnyonyesha wala kumlisha, na uulizie tembe za zinki. Yatakayobaki baada ya saa 24, mwaga.

Ukiona macho yamezama, mtoto amelegea, hawezi kunywa au kinyesi kina damu, mkimbize hospitali. Njiani, maadamu anameza, endelea kumpa ORS kijiko kwa kijiko.