Nyumba ya mikono: ziara kwa rafiki yetu katika pori la Mitwaba

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Komite ilinituma Mitwaba nione namna wenzetu waliorudi wanavyoishi. Mambo ya hesabu mtayasikia kwa mwekahazina. Mimi nitasema juu ya nyumba moja tu, ya rafiki yangu tuliyekuwa naye jirani hapa mjini miaka ya kukimbia. Jina lake nalibakisha, maana yeye mwenyewe alinilomba hivyo. Nimechagua nyumba yake kwa sababu inatuonyesha kwamba msaada wetu una majira yake. Ukichelewa miezi mbili, ni kama haukutoka.

Kwa wale ambao hawajafika kule: Mitwaba iko kaskazini, unapita Likasi na kuendelea. Pori lake ni la miombo, ile miti inayotoka Angola mpaka Tanzania na Msumbiji. Sehemu ya Hifadhi ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, iko ndani ya teritwari hiyo. Wakati wa vita, Mitwaba, Manono na Pweto ziliitwa "pembe tatu ya kifo". Mwisho wa 2005 jeshi lilipowashambulia Mai-Mai, watu zaidi ya laki moja walikimbia katika Katanga ya kati, wengine mpaka kwenye visiwa vya majani vya ziwa Upemba. Mwezi wa tano 2006 Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha pale pale Mitwaba, watu wakaanza kurudi. Mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa, na vijiji vikakimbia tena. Mwaka 2016 alijisalimisha mara ya pili, mwaka 2020 akatoroka tena. Kwa hiyo mtu wa Mitwaba akikuambia "nimerudi", ujue pengine ni mara ya pili ama ya tatu.

Rafiki yangu alipofika kijijini alikuta shamba la baba yake linalimwa na mama mmoja na watoto wake. Hakugombana. Aliniambia: "Ye pia alikimbia. Nimutoshe, aende wapi?" Chifu akamwonyesha kipande kingine, pembeni, ndani ya pori. Ndiyo maana kufika kwake unaacha pikipiki kwenye njia kubwa, unatembea na miguu, unavuka kijito juu ya mti ulioangushwa, kiisha unaona moshi.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili na barza. Yote imetoka pale pale. Udongo ni wa kichuguu, kwa sababu unashikana vizuri na haupasuki haraka. Walipiga tofali na mule ya mbao, zaidi ya 1.400, wakazianika kwenye jua wakizigeuza-geuza. Hawakuzichoma, kwani tanuru inakula miti mingi na wao wanataka miti ibaki. Chini waliweka mawe ili maji yasile ukuta. Nguzo za paa walizitoa maganda yote, maana chini ya ganda ndipo wadudu wanaingia. Maganda hayo hayakutupwa: waliyaloweka ndani ya maji yakawa kamba, na kamba hizo ndizo zimefunga paa nzima. Misumari niliyoona ni ya mlango tu. Majani ya paa yanashuka chini sana kuliko ukuta, mvua inapita mbali na tofali. Kazi ya kupaka ukuta na kupiga sakafu ni ya mama wa nyumba na dada yake, udongo mwekundu na majivu. Tulikula bukari na sombe kwenye barza. Nyuma kulikuwa baridi kidogo, kimya, ndege tu.

Nyumba nzuri. Lakini mjue aliijenga kwa miaka miwili, na sababu yake ni majira.

Mwaka wa kwanza alifika mwezi wa tisa. Nyasi za kuezeka zinakatwa mwezi wa tano na wa sita, zikishakomaa, mbele ya moto wa pori. Mwezi wa tisa moto ulikuwa umeshapita, hakuna kitu, majivu tu. Tofali pia zinahitaji jua la wiki nyingi. Alipiga kidogo, mvua za kwanza zikamvunjia karibu 200. Basi familia ikalala chini ya turubai moja mpaka mwezi wa ine, na mtoto mdogo akakohoa muda wote huo. Mwaka uliofuata alianza mwezi wa tano, na ilipofika mwezi wa kumi walikuwa ndani. Ni mtu yule yule na mikono ile ile.

Nilimuuliza juu ya mabati, kwa kuwa wafadhili wetu wengi wanapenda kutoa mabati. Alicheka: "Malata, njala ikikuja, utayauzisha. Nyasi, nani atakununulia?" Simaanishi kwamba mabati ni mabaya. Nyasi zinataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, panya wanazipenda, na cheche moja inaweza kumaliza kila kitu. Yeye mwenyewe amefyeka udongo mtupu kuzunguka nyumba yote. Mjane asiye na kijana wa kupanda juu ya paa, mabati yatamfaa zaidi. Ninachosema ni kwamba tumuulize mtu mbele ya kumununulia.

Kuna jambo lingine lililonisumbua. Alipiga ukuta na mkono, akasema: "Hii nyumba njo karatasi yangu. Mutu akikupatia nyumba, anaweza kukuambia utoke. Yenye unajijengea, nani atakutosha?" Ni neno zuri, lakini mbele ya sheria halitoshi. Sheria ya tarehe 20/7/1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na udongo wa vijijini mpaka leo unakaa zaidi juu ya neno la chifu. Chifu akifa, ama mtu mwenye nguvu akija kutafuta madini, neno lililosemwa bila mashahidi linapotea haraka. Mama wa nyumba alikuwa anasikiliza karibu na jiko. Akasema: "Kama munaandika karatasi, muandike na jina yangu. Yeye akifa, bandugu yake batanifukuza na hii ukuta nilipaka miye." Bwana alinyamaza kwanza, kiisha akasema: "Ni haki."

Kwa hiyo, wanachama na wafadhili, naleta maombi mane mbele ya mkutano.

Kwanza, michango ya ujenzi ifungwe mwisho wa mwezi wa tatu, ili vifaa vipande lori na kufika Mitwaba mbele ya mwezi wa tano. Mchango wa mwezi wa kumi na moja tuuweke kwa dawa na mbegu, si kwa nyumba.

Pili, tununue vile ambavyo mikono haiwezi kutengeneza: shoka, mapanga, mule za tofali, misumari, bawaba za mlango, bido za maji, na turubai ya kufunika tofali. Kwa bei ya nyumba moja iliyokamilika tunaweza kusaidia familia nyingi zinazojijengea.

Tatu, kila familia tunayoisaidia iende mbele ya chifu na mashahidi, mipaka iandikwe, na majina yawe mawili, la bwana na la bibi. Na kama udongo una mtu mwingine juu yake, kama yule mama wa shamba, tuongee naye kwanza. Tusijenge nyumba ya mmoja kwa kumfukuza mwingine.

Ine, wazee na wajane wasiachwe peke yao. Salongo ipangwe kila mwezi wakati wa jua, vijana wapige tofali zao kwanza. Rafiki yangu amekubali kufundisha, na mule yake ataiazimisha.

Nyumba zingine kumi na moja nilizoziona, tatu hazina paa bado, na zote tatu zilianza baada ya moto kupita. Familia hizo ziko chini ya turubai sasa hivi. Orodha yao iko kwa mwandishi wetu. Mwenye kuweza kitu amwone leo mbele ya kutoka.