Nyasi Nyekundu za Mbugani
(Maneno ya hotuba kwa machifu, walimu na wafugaji)



Mfugaji humtambua kila ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe. Yampasa azitambue vivyo hivyo nyasi zinazomlishia ng'ombe hao. Leo napenda kuwaeleza habari za aina moja, ambayo wataalamu huiita Themeda triandra. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1775 katika maandishi ya Forsskål, aliyechuma mimea Yemeni na kufa huko mwaka 1763. Lakini nyasi zenyewe si ngeni kwetu. Ni za asili katika Afrika, Asia na Australia.

Alama zake ni hizi. Kwanza, huota kwa mafungu, nazo huishi miaka mingi: majani yakikauka, mizizi hubaki hai, na mvua ikinyesha huchipua tena. Pili, zikikomaa hugeuka rangi ya kahawia iliyoingia wekundu. Tatu, vishada vyake huinama, navyo vimezungukwa na vijani vidogo. Nne, mbegu ina unywele mrefu, mweusi, uliopindika. Ulowesheni kwa maji, mtauona ukijizungusha. Ndivyo mbegu ijichimbiavyo ardhini.

Zitafuteni katika nyanda za wazi na penye miti michache. Hustawi sana katika udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa uwanda wa Athi katika Kenya. Hata Serengeti zimo. Kwenye kivuli kizito hazistawi.

Faida ya kuzijua ni nini? Nyasi hizi ni shahidi wa malisho. Zikiwa changa, ng'ombe huzipenda. Zikilishwa mfululizo bila kupumzishwa, hudhoofika na kukosa mbegu. Mahali pake hushikwa na nyasi ngumu zisizopendwa na mifugo, au ardhi hubaki tupu, na mvua huchukua udongo.

Wala msidhani kwamba dawa ni kuzifungia kabisa. Zisipolishwa wala kuchomwa moto miaka mingi, majani makavu huyasonga machipukizi, nazo hufa. Dawa ni zamu: lisheni, kisha zipumzisheni hata zitoe mbegu.

Basi, walimu, wapelekeni watoto malishoni wakajifunze alama hizo nne. Nanyi machifu, kila mwaka baada ya mvua tazameni mahali pale pale. Mkiona zimepungua, kusanyeni baraza mapema, kabla ng'ombe hawajakonda.