Huyu Atachoma Shindano?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wanachama, Wamaza)



Vijana wawili wameomba sanduku liwalipie masomo ya afya ya jamii. Wengine kati yetu wakauliza: huyu atachoma shindano? Kama hachomi, tumulipie nini? Ni swali la haki, maana feza ile imetoka kwa mihogo na mawese yetu.

Hachomi. Kazi yake inaanza mbele ya mutu kulala kitandani. Anasoma kuhesabu magonjwa, kutafuta nyumba ambamo ugonjwa ulianzia, mambo ya maji na vyoo, chanjo, na namna ya kuendesha zone ya afya. Sisi tuliopita Nyarugusu tuliwaona wale waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anahara. Hawakushika shindano.

Tena masomo haya si mageni kwetu. Hapa Kasongo, tangu 1971, waganga wakishirikiana na chuo cha Antwerp, Ubelgiji, walipanga vituo vidogo karibu na watu, muuguzi akiwa pale, hospitali ikabaki kwa wagonjwa wazito. Mwaka 1981 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, likatoa uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Hawakuishia kuhesabu waliochanjwa. Walitaka kujua wangapi wamebaki wazima. Wanafunzi wa nchi za mbali wamesoma jina la Kasongo darasani, na watoto wetu wengi hawajalisikia hivyo. Inatuuma kidogo.

Kwa mufumo mupya wa LMD, lisanse ni miaka 3. Kindu kuko ISTM na chuo kikuu, lakini mbele ya kulipa popote tutaomba karatasi inayoonyesha kwamba wizara imeruhusu masomo hayo. Kazi ya serikali haiko hakika, na mushahara unachelewaka. Hilo tumewaambia vijana wenyewe. Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja tu: kila likizo warudi, wakae na wauguzi na watu wa reko, waandike vifo vya watoto kijiji kwa kijiji, na daftari lisomwe hapa mbele yetu.

Feza iliyoko inatosha mumoja. Wa pili, wafadhili, tunamuweka mikononi mwenu. Kura ni Jumamosi, asubuhi, mbele ya soko.