Majani ya Bustani na Mashine ya Kuyakatia



Leo nataka tuzungumze juu ya zao ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni zao. Ni majani ya bustani, yale yanayopandwa mbele ya nyumba, maofisini, mashuleni na viwanjani. Tutazungumza pia juu ya mashine ya kuyakatia, maana majani haya na mashine yake ni kama jembe na mpini. Kimoja kikiharibika, kazi imesimama.

Ukilitaja jina la Msimbazi hapa Dar es Salaam, wengi hukumbuka mpira na klabu ya Simba, ambayo makao yake yapo mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Lakini Msimbazi ni mto pia. Unatoka katika vilima vya Pugu, unapita bonde la Jangwani, na kuingia baharini penye daraja la Selander. Kwa miaka mingi watu wamelima mchicha na matembele katika bonde hilo na kuyauza sokoni.

Tatizo lake mnalijua. Mto huo hupokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na baadhi ya mboga hizo zilikutwa na madini ya risasi kupita kiasi kinachofaa kwa chakula. Sisemi haya kumtisha mtu. Ninachosema ni hiki: mboga zako zihamishie penye udongo na maji safi. Kipande chenye mashaka kipande majani ya bustani, kwa sababu hayo hayaliwi na mtu. Ila zingatia mambo mawili. Kwanza, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tukae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pili, majani yaliyokatwa kwenye udongo wa namna hiyo usimpe ng'ombe wala mbuzi.

Sasa tuje kwenye upandaji. Palipo na jua kutwa nzima, panda ukoka. Penye kivuli cha mwembe au mwarobaini, panda yale majani mapana yanayoitwa majani ya Pemba. Lima ardhi, ondoa mawe na mizizi ya magugu, halafu sawazisha. Chukua vipande vyenye pingili mbili au tatu, uvipande katika mistari, kila kipande sentimita 15 kutoka kwa mwenzake. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, mwezi wa Machi, au mwanzo wa vuli, mwezi wa Oktoba. Yakishika, mwagilia asubuhi, maji mengi mara chache kwa wiki, ili mizizi iende chini. Ukimwagilia kidogokidogo kila siku, mizizi hubaki juujuu na jua la Januari litaikausha.

Mbolea nayo isizidi. Pima hatua kumi kwa kumi, hatua moja iwe mita moja. Eneo hilo linatosha kilo 1 ya urea, na imwagiliwe maji papo hapo, vinginevyo itayaunguza majani.

Haya, majani yameota. Yakatwe vipi? Kanuni ni moja tu: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Ukoka unaotaka ubaki sentimita 4, ukate ukifika 6. Majani ya Pemba yaache marefu zaidi, sentimita 5 hadi 8. Mtaniuliza: Bwana Shamba, si afadhali kukata chini kabisa ili tukae muda mrefu bila kurudia? Hapana. Jani ndilo jiko la mmea. Ukilikwangua hadi udongoni, mmea unakosa chakula, jua linapiga udongo, na magugu yanapata nafasi ya kuota.

Sasa mashine. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopata fundisho.

Niliwahi kushauri kikundi cha vijana wanne waliokuwa wakiotesha majani na kukata bustani za watu. Walichanga fedha kwa miezi mingi wakanunua mashine moja ya kusukuma, yenye injini ya petroli. Waliipenda sana. Kila jioni waliiosha kwa maji mpaka inang'aa. Siku moja walipata kazi kubwa, uwanja wa shule. Kabla ya saa sita mchana injini ikalia kama chuma kinasagwa, ikazima, wala haikuwaka tena. Nilipofika nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kilitoka kikavu. Mashine ile ilihitaji oili ipatayo nusu lita tu, na kwa kuikosa hiyo, akiba ya watu wanne ikaishia kwenye chuma chakavu. Lawama haikuwa yao peke yao. Mimi nilikuwa nimewafundisha kupanda, kuweka mbolea na kumwagilia. Habari za mashine sikuzigusa, nikidhani hiyo ni kazi ya fundi.

Tangu siku hiyo nasema hivi: mashine haiuawi na kazi, huuawa na kusahauliwa. Kuitunza ni dakika kumi kwa siku. Fanyeni hivi:

Kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, iweke mahali pa tambarare, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza. Mashine mpya ibadilishwe oili baada ya saa 5 za kwanza za kazi, halafu kila baada ya saa 50. Injini nyingi za aina hii hutumia oili namba 30, lakini soma kijitabu chake kwanza.

Kila wiki, fungua chujio la hewa. Vumbi la kiangazi huliziba, injini ikakosa pumzi, ikala petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Chujio la karatasi ligonge taratibu vumbi litoke, usilioshe. La sponji lioshe kwa sabuni, likaushe, ulipake oili kidogo.

Kisu nacho kinolewe. Tazama majani siku moja baada ya kukata. Ncha zikiwa zimechanika na kugeuka kahawia, kisu ni butu, na majani yaliyochanika hushikwa na magonjwa upesi. Lakini kabla hujaweka mkono karibu na kisu, chomoa waya wa plagi. Usiseme injini imezima, inatosha. Ukikizungusha kisu kwa mkono, injini inaweza kuwaka, na vidole havina vipuri Kariakoo. Ukiilaza mashine, upande wa chujio la hewa na plagi uwe juu, oili isije ikaingia humo. Noa kwa tupa, ukifuata mteremko uleule wa kiwandani. Ukimaliza, kitundike kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukizama, huo ndio mzito. Unoe tena kidogo. Kisu kisicho sawa huitetemesha injini mpaka nati zinalegea.

Jioni, usiimwagie maji injini ya moto. Kwangua majani yaliyogandamana chini yake kwa kijiti cha mti, ufute kwa kitambaa. Petroli jaza injini ikiwa imepoa, na sigara iwe mbali. Kama hutaitumia kwa zaidi ya mwezi mmoja, iache injini iwake mpaka petroli iishe, maana petroli iliyolala huziba kabureta.

Wenye mashine za kubeba begani, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, kumbukeni kufuata kipimo cha kijitabu. Kipimo kikiwa moja kwa 50, lita 1 ya petroli inataka mililita 20 za oili. Petroli tupu itaiua siku hiyohiyo.

Wale vijana walianza upya, kwa fyekeo za mkono kwanza, kisha wakanunua mashine ya pili. Juu ya mpini wake wamefunga kitambaa. Asubuhi hakuna anayeruhusiwa kuiwasha kabla kitambaa hicho hakijafuta kijiti cha oili. Nanyi fungeni kitambaa chenu.

Ndugu wakulima, usipoziba ufa utajenga ukuta.