Kiti cha Makeda



Boga, hapa Kongo, inajua kutunza kumbukumbu takatifu. Apolo Kivebulaya, mhubiri Mganda aliyefika hapa mwaka 1896, alizikwa hapa mwaka 1933, kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kama alivyoagiza. Kule Aksum, Ethiopia, waumini nao husema wanalinda Sanduku la Agano, ambalo ni mtawa mmoja tu anayeruhusiwa kulikaribia.

Habari za sanduku hilo zimo katika Kebra Nagast, kitabu cha Kigeezi cha karne ya 14, na chanzo chake ni mwanamke mwenye maswali. Malkia Makeda anamsikia mfanyabiashara Tamrin akiisifu hekima ya Mfalme Sulemani, naye anafunga safari hadi Yerusalemu akajionee. Akiwa njiani kurudi, anamzalia Sulemani mtoto anayejulikana zaidi kwa jina la Menelik. Kijana huyo anapokwenda kumwona baba yake, wenzake wanalitorosha Sanduku.

Hapo kalamu inageuka. Makeda anamwachia mwanawe kiti, kisha anawaapisha wakuu wasimtawaze mwanamke tena.

Kiapo hicho kilimfaa nani? Ukoo ulioshika ufalme wa Ethiopia mwaka 1270 ulitaka kuonyesha kwamba ni uzao wa Sulemani, na uzao huo ulihesabiwa kwa wanaume. Makeda akabaki mlango: wote wamepitia kwake, yeye hakai ndani.

Ulaya ilifanya jambo kama hilo. Mwishoni mwa karne ya 12, katika kisa cha Chrétien de Troyes, chombo kitakatifu kinabebwa na msichana. Ilipofika miaka ya 1220 hivi, katika kisa kingine cha chombo hicho, wanawake walikatazwa kufuatana na mashujaa waliokitafuta, na dada yake Perceval, mmoja wa mashujaa hao, akafa kwa kutoa damu yake imponye mwingine.

Lakini mwaka 1916 Zewditu, binti wa Mfalme Menelik wa Pili, alikalia kiti kile kilichoapiwa. Na kule Aksum, kanisa la kale la Maria wa Sayuni ni la wanaume tu. Lile jipya, la wakati wa Haile Selassie, linawapokea wanawake.

Hapa kwetu nako, mhitimu wetu atakayefika nyumbani leo na cheti chake atamkuta bibi yake uani. Amuulize kanisa lao lilianzaje, nani alibeba maji na matofali. Kisha achukue kalamu, ayaandike majina hayo.