Tupande Mikunde Ndani ya Malisho Yetu
Mazungumzo na kaya za wafugaji, Saadani



Leo tuzungumze kuhusu kiangazi. Ikifika Septemba nyasi zipo, lakini ni makapi. Ng'ombe anajaza tumbo na bado anakonda. Maziwa yanapungua, ndama anabaki mbavu tupu. Nyasi zilizokauka hazina protini ya kutosha. Hapo ndipo mtu anapotazama upande wa Hifadhi ya Saadani au shamba la mkulima, na sote tunajua yanayofuata: faini na ugomvi.

Tujifunze kwa jirani yetu Mkwaja. Ranchi ile ilifuga maelfu ya ng'ombe tangu miaka ya 1950 mpaka ilipofungwa mwaka 2000. Sehemu kubwa ilimezwa na migunga. Leo ardhi ile imo ndani ya hifadhi. Malisho yakilishwa bila kupumzishwa, nyasi hushindwa na miiba hushika nafasi.

Njia moja ya kujikinga ni mikunde ya malisho, kama siratro na stailo. Mizizi yake ina vinundu vinavyovuta naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo, na nyasi za jirani hufaidika. Majani yake yana protini kuliko nyasi kavu. Huhitaji kulima malisho yote. Unaipanda ndani ya nyasi zilizopo.

Fanya hivi:

1. Anza na ekari moja karibu na boma, kwenye alalili ya ndama. Weka uzio wa miiba.

2. Mwezi Februari, lisha hapo mpaka nyasi ziwe fupi, au zifyeke. Mche mchanga ukifunikwa na nyasi ndefu hufa.

3. Tafuta kilo 1 hadi 2 za mbegu. Ganda lake ni gumu. Chemsha maji, epua, acha yapoe kidogo, kisha mimina juu ya mbegu. Baada ya dakika 5 chuja, anika kivulini. Jaribu kwanza mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi. Zikiota chache, ongeza kiasi cha mbegu.

4. Chana ardhi kwa plau ya maksai, mifereji myepesi kila baada ya hatua moja. Kikundi kinaweza kuchangishana na kukodi trekta yenye haro au mashine ya kupandia. Dereva asizamishe sana. Asiye na hivyo atumie jembe.

5. Masika yakishika, changanya mbegu na mchanga mkavu, mwaga, kisha kokota tawi la miiba juu yake. Mbegu isizidi kina cha sentimita 1.

6. Nyasi zikiizidi mikunde, zifyeke. Mwaka wa kwanza usilishe mpaka mikunde iangushe mbegu zake. Hiyo ndiyo akiba ya mwaka wa pili.

Kuhusu mbegu, muulizeni ofisa mifugo wa kata, au shamba la serikali la Vikuge, Kibaha.

Akina mama, ndama wako mikononi mwenu, na ninyi ndio mnaoona maziwa yanapopungua. Kataeni uzio usifunguliwe mapema. Ekari moja haitalisha kundi zima, lakini inaweza kuwavusha ndama hadi vuli. Ndama akivuka, kundi lipo.

Sasa tuulizane maswali.